Majina thelathini na saba

Nilifika Lodwar Julai 2022 nikiwa na miaka 22, begi moja, gitaa la kuazima na barua ya kanisa iliyosema kwamba mimi ni mmisionari. Miezi mitano kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja Nairobi. Karo ilikuwa imenishinda, na hata kabla karo haijanishinda, masomo yenyewe yalikuwa yamenichosha. Sikutaka kurudi nyumbani Machakos na kumwambia mama nimeacha chuo. Kumwambia nimeitwa na Mungu kulikuwa rahisi zaidi, na kusema ukweli sikuwa nadanganya kabisa. Nilikuwa nimeomba, nilikuwa nimefunga. Lakini mtu akiwa na sababu mbili za kuondoka, huitaja ile yenye heshima.

Basi la usiku lilinishusha Kitale alfajiri. Hapo nikapanda gari jingine: Kapenguria, mteremko wa Marich, Kainuk, Lokichar, na kila tulipopita kituo hewa ilizidi kukauka. Mvua ilikuwa imekosa misimu minne mfululizo. Kando ya barabara kulikuwa na mizoga ya mbuzi, na watoto waliosimama wakiinua chupa tupu za plastiki, wakiomba maji kwa magari. Mjini Lodwar niliingia kibanda cha chai. Mama mwenye kibanda akanitazama, akalitazama gitaa, akauliza, "Umetoka Kenya?" Nikacheka, nikidhani ni utani. Baadaye nilikuja kujua kwamba kule watu wengi husema hivyo kwa kawaida kabisa. Kenya iko kusini, ukishapanda milima.

Jumapili ya tatu nilihubiri chini ya mti, kilomita chache nje ya mji, upande wa barabara ya Kalokol. Watu walikuwa kama hamsini, wengi wao wanawake wazee na watoto, kwa sababu wanaume na vijana walikuwa wamehama na mifugo iliyobaki. Mkalimani wangu alikuwa Mturkana wa miaka thelathini na kitu, siku za wiki anaendesha boda. Nilichagua kitabu cha Ufunuo. Nilihubiri juu ya kitabu cha uzima na hatari ya jina la mtu kukosa humo. Mwisho nikauliza: nani anataka jina lake liandikwe leo katika kitabu cha uzima?

Mikono ikapanda yote kwa pamoja. Sijawahi kuona kitu kama kile. Nikatoa daftari, nikapita nikiandika. Mwanamke mmoja mzee alinipa jina lake, halafu majina ya wajukuu wanne waliokaa karibu naye, halafu mengine mawili ya wajukuu waliokuwa malishoni na mbuzi. Nilisita kidogo. Nikajiambia kwamba imani ya huyu nyanya ni kubwa, inawabeba hata wasiokuwepo. Nikayaandika yote. Jumla ilikuwa 37. Usiku huo nikatuma ripoti kwa simu: watu 37 wameokoka. Jumapili iliyofuata, huko Nairobi, picha yangu nikiwa na daftari iliwekwa kwenye projekta na kanisa zima likapiga makofi.

Wiki tatu baadaye yule mwanamke alikuja kwenye ua wa nyumba nilimokaa. Alikuwa ametembea kwa miguu. Kwapani alikuwa na gunia tupu, limekunjwa vizuri. Alizungumza na mkalimani kwa upole, kwa muda mrefu kidogo, na mkalimani muda wote huo alitazama chini.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anauliza ni siku gani."

"Siku ya nini?"

"Ya chakula, pasta. Si uliandika majina?"

* * *

Kwa siku kadhaa nilimlaumu mkalimani. Nilimwuliza alitafsiri vipi ile siku. Akajibu, "Nilisema kile ulisema. Nani anataka jina lake liandikwe kwa kitabu, apate uzima. Si ndivyo?" Ndivyo. Hakukosea hata neno moja. Tatizo ni kwamba maneno hayo, "kuandika jina", yalikuwa na historia ndefu Turkana kabla mimi sijazaliwa, na mimi nilikuwa nimeyatamka kama mtu aliyeyavumbua asubuhi hiyo.

Kuacha chuo hakukunizuia kusoma. Tangu wakati ule nimekuwa nikisoma chochote ninachopata kuhusu jinsi Ukristo ulivyofika kule. Mwanzoni nilisoma ili nijitetee. Nilitaka kuona kama na wengine waliokuja vijana, kutoka mbali zaidi yangu, waliwahi kuchanganyikiwa hivyo.

Kwanza, serikali ya kikoloni iliifunga Turkana. Sheria ya wilaya za nje ya 1902, na baadaye ile ya wilaya maalumu ya 1934, zilimpa mtawala uwezo wa kuamua nani aingie na nani atoke. Jeshi liliingia bila shida. Msafara wa Labur wa 1918 uliwapokonya Waturkana mifugo kwa maelfu, na kumpokonya mfugaji mifugo ni kumpokonya akiba, mahari, dawa na chakula kwa mkupuo mmoja. Shule na hospitali ndizo zilizochelewa. Wamisionari, ambao kufikia wakati huo walikuwa wamejenga Ukambani, Ugikuyuni na kote kando ya ziwa kule magharibi, Turkana walibaki nje ya lango.

Aliyepelekwa kule na serikali alipelekwa kama adhabu. Baada ya hukumu ya Kapenguria, 1953, Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, karibu na mpaka wa kaskazini. Aprili 1959 kifungo kilipoisha hakuachwa aende kwao Gatundu. Alihamishiwa Lodwar, akazuiliwa hapo hadi Aprili 1961 alipopelekwa Maralal. Huyu alikuwa mtoto wa misheni, aliyebatizwa Thogoto na Waskoti mwaka 1914. Aliijua Lodwar kama mahali ambapo mtu huwekwa ili asahaulike.

Mwaka huo huo aliooondolewa Kenyatta, lango likafunguliwa kwa wamisionari. Kilicholifungua ni njaa.

Waturkana huipa miaka yao migumu majina. Ukame wa 1960 wanauita Namotor, jina linalokumbusha mifupa iliyotokeza chini ya ngozi. Mifugo ilikufa, watu wakaanza kukusanyika palipokuwa na chakula cha kugawiwa, na serikali iliyokuwa njiani kuondoka ilihitaji mikono ya kugawa. Mikono iliyokuwa karibu ilikuwa ya makanisa. Kutoka upande wa Eldoret wakaja mapadri wa shirika la Mtakatifu Patrick, wale wanaoitwa Wakiltegan kwa jina la kijiji cha Ireland lilikoanzishwa mwaka 1932. Kutoka upande wa Waprotestanti wakaja watu wa Africa Inland Mission. Nyuma ya mapadri wakafuata masista wa Medical Missionaries of Mary, wauguzi, wakunga na madaktari. Shirika lao lilikuwa limeanzishwa na Mary Martin huko Nigeria mwaka 1937, mwaka mmoja tu baada ya Roma kuwaruhusu watawa wa kike kuzalisha akina mama.

Hebu itazame picha hiyo ukiwa umekaa upande wa pili. Umepoteza ng'ombe, umepoteza mbuzi, labda umempoteza na mtoto. Umetembea siku nyingi hadi kambini. Hapo yuko kijana mgeni, mwekundu kwa jua, hajui lugha yako. Ana magunia ya mahindi na maziwa ya unga, na ana daftari. Aliye kwenye daftari anakula. Jioni kijana huyo huyo anasimama na kuzungumza juu ya Akuj, Mungu, ambaye wewe umemwomba tangu utotoni, mzee akitangulia na nyote mkiitikia. Anasema Akuj ana habari mpya kwako. Utamwambia nini? Utamwambia hapana, na kesho urudi kwenye foleni yake?

* * *

Sitaki kuwafanya watu wale kuwa wabaya, kwa sababu hawakuwa. Nimewafikiria sana, hasa usiku ule wa Lodwar ambao nyumba ni moto kama tanuri na unatoa mkeka nje, unalala ukiangalia nyota na kuhesabu ni saa ngapi nyumbani. Mimi nyumbani kwangu ilikuwa saa ile ile, na nilikuwa na simu. Padri kijana wa miaka ya 1960 alikuwa ametoka kijiji chenye mvua karibu kila siku, akaletwa kwenye jangwa la mawe meusi, na barua ya mama yake ilichukua majuma. Wengi wao walikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu walipopewa daraja na kutumwa ng'ambo. Ni umri wangu.

Na walifanya kazi. Masista walifungua zahanati, wakafanya kazi hospitalini Lodwar, na Kakuma ikapata hospitali ya misheni miaka mingi kabla dunia haijalisikia jina hilo. Turkana ilikuja kujulikana kuwa moja ya sehemu zenye maambukizi mengi zaidi duniani ya ule mnyoo wa mbwa unaoota uvimbe mkubwa kwenye ini, na kuna watu wanaotembea leo kwa sababu walipasuliwa wakatolewa uvimbe huo. Padri Anthony Barrett aliishi na lugha hadi akaandika kamusi ya Kiturkana na Kiingereza. Kule Lokori, daktari Dick Anderson na mkewe Joan wa Africa Inland Mission walitibu watu mahali ambapo barabara yenyewe ilikuwa mto uliokauka.

Lakini kuna jambo moja ambalo idadi ya visima na zahanati hailifuti. Waliokuja na neno ndio waliokuja na gunia. Mwenye gunia akiuliza swali, hawezi kujua kama jibu alilopewa ni la swali au ni la gunia.

Mamlaka nayo ilikaa kwa mgeni muda mrefu. Roma iliifanya Lodwar eneo la kimisionari linalojitegemea mwaka 1968, kisha jimbo kamili mwaka 1978. Kiongozi wa kwanza alikuwa John Mahon, Mkiltegan kutoka Ireland, aliyekaa hadi 2000. Akafuata Patrick Harrington, naye kutoka Ireland, wa shirika la SMA. Askofu wa kwanza Mkenya, Dominic Kimengich, alishika jimbo mwaka 2011. Hiyo ni miaka 43 tangu 1968, na miaka 48 tangu uhuru wa Kenya.

Kuna na watu wengine ambao picha za zamani huwaweka pembeni. Misheni haikutembea kwa miguu ya Wazungu peke yao. Africa Inland Church ilituma Turkana wainjilisti wake Waafrika, na miongoni mwao walikuwa Wakamba, watu wa kwetu. Hili lilinigusa. Peter Cameron Scott, kijana mzaliwa wa Glasgow aliyeanzisha Africa Inland Mission, alifika Mombasa mwaka 1895, akapanda hadi Nzaui Ukambani, na Desemba 1896 akafa kwa homa akiwa na miaka 29. Nyanya yangu alibatizwa katika kanisa lililoota kutokana na kaburi lile. Ndani ya miaka 70 hivi, waliokuwa "shamba la misheni" wakawa ndio wanaotuma watu wao jangwani. Nikiwa Lodwar nilijiona mtu wa kwanza wa aina yangu. Kumbe nilikuwa nimechelewa miaka 60.

Na hata wale Wakamba walikuwa wageni. Kiturkana kina neno emoit, wingi wake ngimoe. Ni mtu asiye wa kwenu, mgeni wa kabila jingine. Ni neno hilo hilo linalotumika kwa adui. Mkalimani alinieleza hilo siku moja tukiwa kwenye boda, akaongeza haraka, "Lakini wewe sasa umezoeleka." Sikuuliza nimezoeleka kuwa nini.

Baina ya wageni wote hao na wenyeji alisimama mtu mmoja aliyefanya kazi yote kwa ukweli: mkalimani, na baadaye katekista. Kila hubiri la Kiingereza, Kiswahili au Kikamba lilipitia mdomoni mwake. Alijua mgeni amesema nini na alijua watu wamesikia nini, na mara nyingi ni yeye peke yake aliyejua kwamba hivyo vitu viwili havifanani. Katika vitabu vya kumbukumbu za misheni nilivyosoma, mkalimani huonekana kwenye picha bila jina chini yake.

* * *

Madaftari hayakuisha mwaka 1961. Mwaka 1980 ulikuja ukame wanaouita Lopiar, ule uliofagia kila kitu, na kambi zikajaa tena. Ukaja mradi wa serikali na wafadhili wa kuwapa watu chakula kwa kazi: andika jina, chimba, beba mawe, pokea mahindi. Mwaka 1992 ikaanzishwa kambi ya Kakuma, kilomita 120 hivi kaskazini magharibi mwa Lodwar, kuwapokea maelfu ya wavulana wa Sudan waliokuwa wametembea hadi Ethiopia na kufukuzwa na vita tena. Huko jina la mtu kwenye orodha likawa ndiyo maisha yake. Wasalesiani wa Don Bosco wakaja mwaka uliofuata kufundisha ufundi, Wajesuiti wakaja na huduma yao ya wakimbizi. Lakini Wadinka walikuja na kanisa lao tayari, na nyimbo zao, na misalaba waliyochonga wenyewe. Hao hawakungoja mtu wa kuwaletea Mungu. Walichohitaji ni unga.

Baadaye madaftari yakawa kadi. Kakuma kulikuwa na Bamba Chakula, pesa za chakula zilizoingia kwenye simu. Kwa wenyeji wa Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera kuna mpango wa serikali na wafadhili wa kuzitumia familia maskini pesa kupitia benki. Aliyeandikwa anapata, jirani yake ambaye hakuandikwa anamtazama. Mwaka 2025, mgao ulipopunguzwa Kakuma na watu wakaanza kupangwa kwa makundi ya nani ana shida kuliko nani, kulitokea maandamano. Sikushangaa. Mimi nimeona gunia tupu lililokunjwa vizuri.

Kwa hiyo fikiria Jumapili ile tena. Miaka 61 baada ya kambi za kwanza, katikati ya ukame mwingine, kijana kutoka "Kenya" anasimama chini ya mti, ana daftari, anauliza nani anataka jina lake liandikwe apate uzima. Yule nyanya alinielewa vizuri sana. Mimi ndiye sikujua nilichosema.

* * *

Kuna mmisionari mmoja ninayemkumbuka kila nikiwaza juu ya hili, na hakuwa Turkana. Ni Apolo Kivebulaya, Mganda. Mwaka 1896 aliondoka Toro, akavuka milima ya Rwenzori, akaingia Mboga, upande ambao leo ni Kongo. Walimu wawili Waganda walikuwa wamemtangulia, na walishindwa, kwa sababu chifu Tabaro alikuwa amekataza watu wasiwape chakula. Apolo naye akakuta uadui ule ule. Dada wa chifu alipokufa kwa ajali ya mkuki, Apolo alisingiziwa, akafungwa, akapelekwa gerezani upande wa Uganda. Alipoachiliwa akarudi Mboga kwa watu wale wale. Chifu mwenyewe mwishowe akabatizwa. Apolo alifia huko mwaka 1933, na aliacha agizo kwamba azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu wa Kongo, badala ya kuelekezwa kwao mashariki kama ilivyokuwa desturi.

Zamani nilisikia hadithi hii kanisani kama hadithi ya ujasiri. Sasa naisoma kwa jicho la chakula. Mboga, mwenye gunia alikuwa mwenyeji. Mgeni ndiye aliyekuwa na njaa. Mtu wa Mboga aliyemfuata Apolo hakuwa na cha kupata kwake, na alikuwa na mengi ya kupoteza kwa chifu. "Ndiyo" ya mtu kama huyo unaweza kuiandika kwenye daftari na ulale usingizi.

Sisemi njia ni kuwaacha watu wafe njaa ili imani yao iwe safi. Huo ni upumbavu, na ni ukatili. Mwenye chakula agawe chakula. Lakini agawe, aseme ni chakula, asihesabu mikono. Nadhani wengi wa wale masista walilijua hili bila kuhubiriwa. Mtu anayetibu mtoto hana haja ya kuuliza nani ameokoka. Mimi sikuwa na dawa, sikuwa hata na unga. Nilikuwa na daftari tu, na nikalitumia vibaya.

Siku ile ya gunia nilienda dukani, nikalipa kwa simu, nikampa yule nyanya unga kilo nne na mafuta. Alishukuru. Kisha akauliza, na wale wengine? Niliandika wote. Sikuwa na jibu, mkalimani naye hakunisaidia.

Niliwaandikia walionituma. Sitalitaja kanisa hilo, maana si lengo langu kulichafua na waliokuwemo walinipenda. Nilieleza kilichotokea na nikaomba ile idadi isahihishwe. Nilijibiwa kwa upendo kwamba shetani hupenda kuiba mavuno, nisikubali. Mwisho wa mwaka ripoti ya misheni ilitoka ikiwa na 37 ile ile. Desemba nikapanda gari kurudi Machakos, nikamwambia mama yote mawili kwa siku moja: kwamba nimeacha chuo, na kwamba nimeacha misheni. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama nimekula.

Agosti 2025 nilirudi Lodwar. Safari hii nililipa nauli yangu mwenyewe, kwa pesa ya makala, na sikubeba gitaa. Nilibeba lile daftari. Mkalimani wangu bado anaendesha boda. Tuliketi kwenye kivuli cha mathenge, nikamsomea majina moja moja. Alikuwa akiniambia: huyu alikufa, hawa watatu wako shuleni, huyu alihamia Kalobeyei, huyu simjui. Kisha akacheka.

"Nakilu ni nani?"

"Sijui. Ndivyo nilivyoandika."

"Ni Nakiru! Inatoka kwa mvua. Ninyi Wakamba hamuwezi hiyo r."

Alichukua kalamu. Kabla jua halijashuka tulikuwa tumesahihisha majina 22 kati ya 37. Zaidi ya nusu ya watu niliowaandika katika kitabu cha uzima nilikuwa nimewaandika vibaya.

Kesho yake alinipeleka kwa yule nyanya. Tulimkuta nje ya nyumba yake, ameketi kivulini. Alinitambua, au alilitambua daftari. Akasema kitu, mkalimani akacheka.

"Anauliza leo umekuja kuandika nini."

Nikamwambia amwambie sina chakula, na siandiki chochote, nimekuja kuuliza kama yale ya zamani niliyaandika sawa. Akamtuma mtoto kuweka chai motoni. Nikamsomea jina lake, akakubali kwa kichwa. Nikasoma ya wajukuu wanne, kisha ya wale wawili waliokuwa na mbuzi siku ile. Kwenye la mwisho akanisimamisha, akalitamka polepole, mara mbili, akiniangalia mdomoni. Nikalikata lile la zamani, nikaandika upya juu yake. Chai ikaja, haikuwa na sukari.